Mlango wa Nyumba Ukiwa Mlango wa Kanisa

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Matendo 12:6-17, Warumi 16:3-5, Filemoni 1-20)

  

Leo tuzungumze habari za kanisa dogo, lile linalokutana sebuleni, uani, barazani, au katika kibanda cha fundi. Ukivuka maji ya Likoni ukafika Bofu, utaona makanisa ya mawe na makanisa ya mabati, kila moja na jina lake ubaoni. Lakini yako makusanyiko mengine yasiyo na ubao wowote. Katikati ya juma, jioni, viti vinatolewa uani, mkeka unatandikwa kwa ajili ya watoto, Biblia inafunguliwa, na watu kumi au kumi na watano wanaanza kuimba kwa sauti ya chini. Nguo zilizofuliwa bado ziko kambani, na sufuria ya mbaazi iko jikoni.

Wako watu wanaolidharau kusanyiko la namna hii. Wanauliza, "Hilo nalo ni kanisa?" Wako na wengine wanaolisifu kupita kiasi. Wanasema kwamba hilo peke yake ndilo kanisa la kweli, na kwamba hawana haja tena na mchungaji wala wazee. Ndugu zangu, hawa wote wawili wamesahau historia. Basi tuifungue historia, tuone inatufundisha nini.

Tuanze na mitume. Petro alipotolewa gerezani usiku na malaika, alikwenda wapi? Hakwenda kwenye jengo lenye mnara, kwa maana halikuwapo. Alikwenda nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako watu wengi walikuwa wamekusanyika wakimwombea. Akabisha hodi. Kijakazi aitwaye Roda akaitambua sauti yake, akafurahi mno hata akasahau kufungua! Hapo utaona kanisa la nyumbani lilivyo: lina mlango, lina mtu wa kuitikia hodi, na lina watu wanaomba huku wakiwa na hofu.

Kule Filipi, Lidia, mwanamke mfanya biashara ya rangi ya zambarau, aliamini, akabatizwa, kisha akawasihi mitume wakae nyumbani mwake. Paulo na Sila walipotoka gerezani, walirudi nyumbani kwa Lidia kuwatia moyo ndugu. Kule Kolosai, kanisa lilikutana kwa Filemoni. Katika barua yake kwa Wakolosai, Paulo anataja kanisa la nyumbani kwa Nimfa. Na Akila na mkewe Priska, wale washona hema, walikuwa na kanisa nyumbani mwao walipokaa Efeso, na tena walipokaa Rumi. Walihama mji hata mji kwa sababu ya amri ya Kaisari na kwa sababu ya kazi, na kila walipotua, nyumba yao iligeuka kuwa mahali pa ibada.

Fikiri jambo hilo, msikilizaji. Watu wa kazi ya mikono, wenye nyumba ya kazi na kulala pamoja, yamkini vitambaa vya hema vimekunjwa pembeni, nao wanafundisha Neno. Fundi cherehani wa Bofu anayesukuma mashine yake ukutani jioni ili jirani wapate pa kukaa hafanyi jambo geni. Anafuata nyayo za Akila.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Huko Siria, kando ya mto Frati, ulikuwako mji ulioitwa Dura-Europos. Majeshi ya Waajemi yaliuteka yapata mwaka 256, ukaachwa ukafunikwa na mchanga. Wachimbaji wa mambo ya kale walipoufukua katika miaka ya 1930, walikuta nyumba ya kawaida ya mtaani iliyokuwa imegeuzwa kuwa kanisa. Ilikuwa na vyumba vilivyozunguka ua, kama nyumba nyingi za pwani yetu. Wakristo walikuwa wamevunja ukuta kati ya vyumba viwili ili wapate ukumbi mmoja, na katika chumba kingine wakaweka birika la ubatizo na kuchora kutani picha za Mchungaji Mwema na za miujiza ya Bwana. Kwa nje, ilikuwa nyumba kama nyumba za jirani. Makanisa makubwa ya fahari yalianza kuenea baada ya mwaka 313, wakati Konstantino alipowapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Kwa hiyo karibu miaka mia tatu ya kwanza Kanisa liliishi hasa majumbani, nalo likakua.

Sasa tuje kwetu pwani. Mwaka 1844 alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misioni cha CMS. Alikuja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa. Na mtoto naye akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa barani, upande wa Kisauni. Kwa hiyo mali ya kwanza ya misheni hii katika nchi yetu haikuwa jengo, ilikuwa kaburi.

Na katika mwaka huo wa huzuni, Krapf alianza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, akianza na kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia katika kazi hiyo ya mwanzo alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Tusilisahau jambo hili. Mara ya kwanza Neno la Mungu kuandikwa kwa lugha yetu hapa Mombasa, Mwislamu na Mkristo walikaa pamoja wakitafuta maneno. Jirani wa namna hiyo ni wa kuheshimiwa, naye tutamrudia.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wawili hao wakahamia Rabai. Wote walikuwa wagonjwa wa homa. Krapf alipandishwa kilima juu ya punda. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, Mrabai aliyekuwa kiwete. Hakuvutwa na jengo wala kinanda. Alivutwa na mazungumzo, kwa maana alikaa na Krapf wakiongea habari za Mungu. Alibatizwa karibu na mwaka 1851, akiwa katika ugonjwa wa kufa. Jengo la kanisa la Mtakatifu Paulo linaloonekana Rabai hata leo lilikuja kujengwa katika miaka ya 1880. Nyumba na mazungumzo vilitangulia; jengo likafuata.

Yako pia mambo yaliyotokea mbali na macho ya wamisionari. Huko Godoma, katika nchi ya Wagiriama, Abe Ngoa, aliyefundishwa na Rebmann, aliwakusanya watu wake akawafundisha imani. Hakuwapo Mzungu aliyekaa nao. Palikuwa na boma, ndugu na jamaa, na mtu mmoja aliyesikia habari njema asiweze kunyamaza. Kutoka katika kundi hilo la Wagiriama alitokea David Koi, aliyekuwa kiongozi wa makao ya Fuladoyo. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko, wakapokewa, wakakaa pamoja na Wakristo. Wenye watumwa walikasirika. Mwaka 1883 David Koi aliuawa. Historia ya Kanisa la Kenya inamhesabu miongoni mwa mashahidi wake wa kwanza.

Hapo, ndugu zangu, ndipo ninapoikumbuka nyumba ya Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa wake, naye akatoroka. Paulo anamrudisha, lakini anamwomba Filemoni ampokee, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Na barua hiyo hakumwandikia Filemoni peke yake. Aliliandikia pia kanisa lililokutana nyumbani kwake. Kwa nini? Kwa sababu hilo kanisa lingekuwapo siku Onesimo atakapobisha hodi. Lingemwona bwana na mtumwa wake wakiketi chini ya dari moja. Kama Filemoni angemfungia mlango Onesimo, ibada ya nyumba ile ingekuwa kelele tu.

Basi hiki ndicho kipimo cha kanisa la nyumbani tangu siku zile. Hatuulizi watu ni wangapi, wala wanaimba vizuri namna gani. Tunauliza: ni nani akibisha hodi anafunguliwa?

Frere Town nayo inatufundisha. Baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, CMS ilianzisha makao ya watumwa waliookolewa, mwaka 1875, barani Kisauni. Kengele yake ndiyo iliyoliachia eneo lile jina la Kengeleni. Walioshusha miguu pale walikuwa watu walionyang'anywa kila kitu: wazazi, kijiji, hata majina. Walitoka makabila mengi ya bara na kusini. Miongoni mwa walimu wao walikuwa Waafrika waliosomea India, ambao waliitwa Wabombei. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono na Askofu James Hannington mwaka 1885, wakawa mashemasi wa kwanza Waafrika wa kanisa hilo katika nchi hii. Watu wasio na ukoo walipata ukoo mpya, na lugha waliyokutana nayo ilikuwa Kiswahili.

Tuendelee mbele. Mwaka 1937 wajumbe wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, walifika Kabete. Uamsho huo haukuanzisha dhehebu jipya. Ndugu waliendelea kuwa washiriki wa makanisa yao, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, lakini katikati ya juma walikutana majumbani na chini ya miti. Walisoma Neno, waliungama dhambi zao waziwazi, walirudisha vitu walivyoiba, walipatana na waliokosana nao. Katika vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo, na walikataa vilevile kushika silaha upande wa serikali. Na wako waliouawa kwa ajili hiyo. Wakati mikutano mikubwa ilipokuwa ya hatari, nyumba zilihifadhi moto. Na mmoja wa ndugu hao, Obadiah Kariuki, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955. Unaona? Nyumba haikupigana na Kanisa. Ililitia Kanisa nguvu.

Sasa turudi Bofu na Likoni. Hapa ni nchi ya Wadigo tangu zamani, na wengi wa jirani zetu ni Waislamu. Bandari ya Kilindini ilipopanuka, watu wengi walikuja kutafuta kazi: Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu na wengine. Walipanga vyumba katika nyumba za Kiswahili, chumba hiki Mkamba, chumba kile Mluo, mwenye nyumba Mdigo, choo kimoja, kisima kimoja. Asubuhi wanavuka kwenda kisiwani kazini, na jioni wanarudi wakisubiri feri kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvuka tena Jumatano usiku kwenda kusoma Biblia ng'ambo. Ndiyo sababu ibada ya uani si anasa huku. Ni kwa mahitaji.

Na nyumba hizi zimepita katika moto. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi watu wakienda kazini, na watu 272 wakafa. Msiba kama ule hauishi kwa ibada moja kubwa. Unaendelea miezi na miaka, ndani ya chumba cha mjane, wakati wengine wamekwisha kuondoa turubai. Hapo ndipo watu kumi wanaofahamiana wanapofaa kuliko mkutano wa watu elfu.

Kisha mwezi wa Agosti 1997, usiku wa tarehe 13, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Polisi sita waliuawa usiku ule, nyumba na vibanda vikachomwa. Watu wa bara waliambiwa waondoke pwani. Zaidi ya watu 100 walikufa katika siku zilizofuata, na watu wanaokadiriwa kufika 100,000 walihama makao yao. Maelfu walikimbilia viwanja vya makanisa. Siku zile swali la nyumba ya Filemoni lilitujia wazi kabisa. Jirani akibisha hodi usiku, naye si wa kabila lako, utafungua?

Na Jumapili tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa dogo huku Likoni wakati wa ibada, wakafyatua risasi, na watu sita wakapoteza maisha yao. Baada ya siku kama hiyo, mtu hujiuliza: Je, tukutane tena? Tufunge mlango kwa komeo? Ndugu zangu, wale waliokuwa nyumbani kwa Mariamu walikuwa wamefunga mlango, nao walikuwa na sababu, kwa maana Yakobo alikuwa ameuawa kwa upanga majuzi tu. Kufunga mlango kwa busara si dhambi. Dhambi ni kuufunga moyo, hata Petro akibaki nje akibisha.

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi nyumba za ibada zilifungwa nchini, na zilipofunguliwa Julai ziliruhusiwa kupokea watu wasiozidi 100 kwa saa moja tu. Wazazi ambao hawakuwahi kuomba mbele ya watoto wao walilazimika kujifunza. Wengi waligundua kwamba imani yao yote ilikuwa imewekwa mikononi mwa mchungaji, kama fedha iliyowekwa benki. Wengine waligundua kwamba nyumba yao ilikuwa na madhabahu tangu zamani, bali imejaa vumbi.

Basi, wasikilizaji, historia inatushauri nini? Nina mashauri manne.

La kwanza: kanisa la nyumbani lisijitenge. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watu wazima na watoto, waliofuata mafundisho ya kujinyima chakula hata kufa. Tulilia wote. Kundi hilo lilijitenga na jirani, na shule, na hospitali, na kila mtu awezaye kuuliza swali. Kundi lolote, dogo au kubwa, ambalo kiongozi wake haulizwi, liko njiani kwenda msituni. Akila na Priska walipomsikia Apolo akifundisha bila kujua yote, walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi. Naye akakubali kusahihishwa. Kwa hiyo mchungaji ajue mnapokutana, wazee waje bila kuitwa, sadaka ihesabiwe na zaidi ya mmoja, na mgonjwa aombewe na pia apelekwe hospitali.

La pili: lisiwe la kabila moja. Ni vizuri kuomba kwa lugha ya mama, Mungu anaisikia. Lakini kama uani kwako wanakuja Wataita tu, au Waluo tu, na jirani Mgiriama anapita akisikia hana nafasi, hapo umejenga ukumbi wa ukoo. Sisi wa pwani tumepewa Kiswahili, lugha ya Frere Town, lugha ya watu wasio na ukoo. Tuitumie kufungua mlango.

La tatu: liheshimu jirani. Watu kumi uani hawahitaji kipaza sauti. Ukuta wa pili kuna mtu wa zamu ya usiku analala, na ng'ambo ya njia kuna mzee Mwislamu anayesali. Mkumbuke Sheikh Ali. Jirani atakuhukumu kwa namna unavyoimba, na zaidi kwa namna unavyomsaidia maji yakikatika na mtoto wake akiugua.

La nne: akina mama wasiwe wapika chai tu. Mariamu, Lidia, Nimfa, Priska: angalia ni nyumba za nani zilizotajwa katika Agano Jipya! Mama anayeuza mahamri barazani anajua nani hajaonekana siku tatu, nani amefukuzwa kazi, nani analia usiku. Hayo ndiyo maarifa ya uchungaji. Apewe nafasi ya kusoma na kuongoza.

Msikilizaji mpendwa, huenda chumba chako ni kimoja tu, na kitanda kimechukua nusu yake. Huenda unasema, "Nyumba yangu haifai." Nakuuliza: nyumba ya Mariamu ilifaa kwa sababu gani? Ilifaa kwa sababu watu waliomba ndani yake, na aliyebisha akafunguliwa, ijapokuwa alichelewa kufunguliwa kidogo! Anza na jirani wawili. Soma sura moja. Uliza habari za mgonjwa. Kisha Jumapili mwende pamoja katika kanisa kubwa, mkalijaze.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, Mwanao hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake, lakini aliingia katika nyumba za watu akala nao. Ingia katika nyumba za Bofu, za Likoni, za Kisauni na za Changamwe. Wafariji waliofiwa majini na waliofiwa kwa risasi. Utuondolee woga wa jirani. Utulinde na waalimu wa uongo, na utupe masikio ya kuisikia hodi. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.